Ukigusa, Umecheza

Kalunde Mihayo huuza asali nyuma ya stesheni ya Tabora,
chupa zilizooshwa mara tatu, vizibo vya magunzi,
na chini ya meza, ndani ya kanga iliyofutika jina,
kete thelathini na mbili: nati, bolti, vipande vya bomba.
Baba yake alizichonga karakana ya reli
zamu za usiku, injini zikiwa zimelala.
Farasi mmoja hana sikio.
Ngome moja ni kifuniko cha dawa ya kikohozi.
Shaha ni msumari wa taruma,
umekatwa, umesuguliwa hadi unang'aa.

Zamani, kabla sijazaliwa, alipanda treni peke yake,
lita tano za asali ndiyo nauli ya kurudi,
akaingia ukumbini Dar es Salaam.
Mlinzi akamwuliza: "Mama, umemsindikiza nani?"
Akajibu: "Meza namba nne."
Kufika Jumapili alikuwa meza namba moja.
Haya hasimulii yeye. Tuliyasikia kwa fundi viatu,
naye aliyasikia kwa mtu wa breki,
na kila hadithi ikipita stesheni
huongezwa behewa.

Mimi najua hili tu:
Jumamosi, saa tisa, darasa bovu pale Isevya,
watoto kumi na saba, vibao vinane.
Anayebaki hucheza na yeye.
Wote tulitaka kubaki.

Alitukalisha juu ya mikono yetu,
kweli, tuliiatamia kama kuku.
"Mkono una kiherehere," alisema.
"Jicho litangulie. Mkono ni tarishi tu."
Na ukutani, kwa chaki:
UKIGUSA, UMECHEZA.

Mwaka nilipofika fainali, Dodoma,
nina miaka kumi na minne na shati la kaka yangu Maganga,
mpinzani wangu aliinama kufunga kamba za kiatu,
mwamuzi alikuwa akipiga miayo dirishani,
na vidole vyangu vikatua juu ya malkia,
kama unyoya,
ndipo nikaona: akiondoka pale
mlango wa shaha u wazi.
Nikarudisha mkono.
Hakuna aliyeona.

Ila safu ya tatu, Mama Kalunde,
pakiti ya karanga mapajani.
Hakukunja uso. Hakutikisa kichwa.
Aliacha tu kutafuna.

Saa inakula dakika zangu.
Nikamsogeza malkia.
Hatua sita, na shaha wangu akalala ubavu.

Treni ya kurudi ilichelewa, ndiyo kawaida yake.
Manyoni hakusema kitu.
Itigi nililia, nikasingizia vumbi.
Malongwe, usiku wa manane,
alinunua mayai ya kuchemsha dirishani,
akamenya moja, akalichovya kwenye chumvi, akanipa nusu.
"Ile ngome yako ya kushoto," akasema,
"imelala nyumbani mchezo mzima. Kwa nini?"
Basi. Mpaka Tabora tukazungumza ngome.

Siku hizi nabadili njia hapa hapa stesheni.
Nikivuta wenzo, la Kigoma linakwenda Kigoma,
la Mwanza linakwenda Mwanza;
gurudumu likishakanyaga chuma
hakuna samahani.
Zamu ikiisha mapema, napita Isevya.

Jumamosi iliyopita aliyebaki alikuwa Nyamizi,
binti wa fundi viatu, miaka tisa, pengo mbili mbele.
Amekalia mikono yake. Anapumua kwa mdomo.
Mama Kalunde aligusa ngome, ile ya kifuniko,
na nikaona bega lake likisita.
Nyamizi alikuwa anatazama kibao, si mkono.
Wengine walikuwa wanagombania chaki.

Mama alininyanyulia macho, mara moja,
akaisogeza.

Hatua nne, msumari ukalala.
Akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia,
kwa meno yote aliyobaki nayo,
akavuta kete kwa viganja viwili.
"Panga tena," akasema.
"Haraka, kabla giza halijaingia. Panga."